Mtunzaji Yuko Ng'ambo, Mfungulieni Ukumbi

Ndugu zangu waimbaji, wapigaji na watunzi wa mashairi, ninyi mnaoimba Unguja na Pemba, Tanga na Dar es Salaam, Mombasa na Lamu: kuna watu wanawasubiri, na ninyi hamtokei.

Wako Maskati na Dubai. Wako London, Toronto, Minneapolis. Walikulia mitaa ya Ng'ambo ya Unguja, Ngamiani na Majengo, na nyimbo zenu ndizo zilizowaoza dada zao. Leo jioni wameketi sebuleni na simu mkononi, wanatafuta sauti ya kwao. Wanachokipata ni kipande cha dakika moja kilichorekodiwa na mgeni wa harusi aliyekaa nyuma ya spika. Sauti inapasuka, mgongo wa mtu umemziba mpiga fidla, na ubeti umekatwa kabla ya kituo. Wanakitazama mara tano, wanawatumia ndugu zao, na hakuna hata mmoja anayejua kikundi kinaitwaje. Riziki yenu inapita hapo kila siku, nanyi mmelala!

Nikiwaambia waimbieni wenyewe mubashara mtandaoni, nasikia mkisema kwamba mambo hayo ni ya vijana wa Bongo Fleva na ya Wazungu. Sikubali hata kidogo. Kama kuna watu duniani ambao kazi hii iliwahusu kabla haijapata jina, ni watu wa taarabu.

Utazameni ukumbi wenu wenyewe. Wimbo umefika kiitikio. Mama mmoja anainuka safu ya tatu, hana haraka. Anatembea kwa mwendo wa dumbaki, noti ya elfu kumi ameishika kwa ncha za vidole juu ya kichwa ili kila mwenye macho aione. Anapita mbele ya yule anayemkusudia, anageuka taratibu, kanga inafuata, kisha anamfikia mwimbaji na kumtia noti mkononi. Mwimbaji hakatizi. Anampokea kwa jicho, anaurudia mstari uleule uliomwinua, na safari hii anaukandamiza, maana amejua sasa ni maneno gani yamemchoma nani. Nyuma ya yule mama foleni imeshapangika.

Huko ndiko kutunza, na kila kitu kimo humo. Msikilizaji amesema lake bila kufungua kinywa, mwimbaji amemjibu papo hapo mbele ya watu, na malipo yametoka mkono hadi mkono bila dalali. Wenzetu wa Kongo nao wanalijua hili vizuri, maana jina likitajwa ndani ya wimbo, mwenye jina hutoa. Waliounda majukwaa ya mtandaoni wametia kitufe cha zawadi kwenye kioo cha simu, wakachora ua la waridi na simba, na dunia ikashangaa kwamba mtu anaweza kumtunza msanii huku wimbo ukiendelea. Sisi tulikuwa tukishangaa nini? Mwimbaji Khadija Kopa ametunzwa jukwaani namna hiyo tangu enzi za vikundi vya Muungano na TOT.

Nataka mwone jambo hili kwa urefu wake, kwa sababu mkiliona hamtalala tena. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, aliondoka Unguja na wenzake akina Maalim Shaaban, Subeit Ambar, Buda Swedi na Mbaruku Effandi, wakaenda Bombay kurekodi santuri kwa kampuni ya His Master's Voice. Mwimbaji wa Kiswahili akasikika pwani nzima, akaingia nyumba ambazo mguu wake haukuwahi kukanyaga. Lakini mtu wa Lamu aliyeguswa na mstari wake hakuweza kuinuka na kumfikia. Santuri ilipeleka sauti, haikurudisha mkono.

Ikaja redio. NUTA Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, bendi hizo na nyingine nyingi ziliingia studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na nchi nzima ikaziimba. Bendi iliyotaka sahani ilifunga safari hadi Nairobi. Kisha zikaja kaseti, na kila mtaa ukawa na kibanda cha kunakili ambacho hakikumdai mtu ruhusa wala hakikumpelekea mwimbaji hata senti. Mbaraka alifariki Januari 1979. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki iliyoanzisha COSOTA, chombo cha hakimiliki, ilipitishwa Tanzania mwaka 1999, akiwa kaburini miaka 20. Nyimbo zake zimewapa watu maisha mazuri, wengine hata hakuwajua.

Basi kwa muda wa karibu miaka 100 sauti zenu zimekuwa zikienda na shukrani zikibaki hukohuko. Leo, kwa mara ya kwanza tangu safari ile ya Bombay, mtu aliye Maskati anaweza kuinuka kwenye kiti chake katikati ya ubeti na noti yake ikawafikia kabla kiitikio hakijaisha. Mlango huu wazee wenu hawakuupata. Mnaupita kila siku mkienda kulalamika kwamba muziki haulipi!

Wengine wameshapita humo. Machi 2020, maradhi ya korona yalipofunga kumbi za dunia, mwimbaji Erykah Badu wa Marekani aliimba nyumbani kwake Dallas na kumtoza kila mtazamaji dola 1. Watazamaji wakapiga kura kuchagua nyimbo, naye akapiga walizozitaka. Tarehe 14 Juni mwaka huohuo vijana wa BTS wa Korea Kusini walitazamwa mubashara na watu zaidi ya 750,000 kwa wakati mmoja, wote kwa tiketi. Siwatajii hesabu hizo ili mzifukuzie. Kikundi cha wapigaji kumi na wawili hakihitaji laki saba za watu. Wakiwa 200 tu wanaowapenda kwa dhati, na kila mmoja akatoa shilingi 5,000 za Tanzania, hiyo ni milioni 1 kwa jioni moja, na hamkukodi basi wala ukumbi. Je, pwani nzima na ng'ambo zake zote mmekosa watu 200?

Hamjawakosa. Mmekosa kuwapa siku na saa.

Nalisisitiza hili kuliko lolote: wekeni siku moja, saa moja, na msiivunje. Watu wengi huwasha simu pale wanapojisikia, wanaimba dakika ishirini, wanazima, wanapotea miezi miwili, kisha wanalaumu mashabiki. Mashabiki wangejuaje? Harusi ina kadi, mnada una siku yake, sala ina wakati wake. Pangeni, na mpange kwa kuwafikiria walio mbali.

Mimi nawapendekezea Jumamosi saa 10 jioni. Alasiri imeshasaliwa, na kikundi chenye harusi usiku hakijaanza kupakia vyombo. Wakati huo Maskati ni saa 11 jioni, na Jumamosi ni siku yao ya mapumziko. London ni saa 7 mchana wakati wa baridi na saa 8 wakati wa joto. Mtu amemaliza kupika. Toronto ni saa 2 au saa 3 asubuhi, kuna chai mezani na watoto bado wana nguo za kulalia. Mkiimba saa moja tu mtamaliza kabla ya magharibi yenu. Desemba, magharibi ya Maskati huingia mapema, basi adhana yao ikifika mtu wa kule atawaambia, nanyi mtanyamaza kidogo. Heshima ya namna hiyo haipotei kwa msikilizaji. Mkiiweka saa 3 usiku wa Alhamisi kwa mazoea ya nyumbani, mtu wa Toronto yuko kazini, na yule ndiye mwenye kiu kubwa kuliko wote.

Sasa sauti. Ndugu zangu, sauti! Mtu atavumilia picha yenye giza, atavumilia ukuta uliopauka nyuma yenu, lakini hatavumilia sauti mbovu hata dakika mbili. Simu imeundwa kumsikia mtu anayezungumza. Ikisikia fidla, akodiani, besi na dumbaki kwa pamoja huamua yenyewe cha kupunguza na cha kupandisha: dumbaki likilia inamzamisha mwimbaji, mwimbaji akivuta pumzi inapandisha feni ya darini. Msiiachie simu kazi ya fundi mitambo. Toeni waya kwenye miksa, muupitishe kwenye kifaa kidogo cha kuunganisha sauti, kiingie kwenye simu. Msichomeke waya unaokwenda kwenye spika, una nguvu kupita kiasi na mtaiharibu simu. Asiye na miksa aikaribishe simu kwa mwimbaji, asogeze dumbaki na besi nyuma, ajaribu mara nyingi kabla ya siku yenyewe.

Na mpelekeni mtu mmoja nje, mbali kabisa na muziki, akiwa na simu nyingine, bando lake mwenyewe na visikilizi masikioni. Kazi yake ni kusikia wanachosikia wa Maskati. Akinyanyua kiganja, mwimbaji hasikiki. Akikishusha, ngoma zimezidi. Ninyi mlio ndani hamwezi kujua, mnasikia ukumbi. Nimeona vikundi vyenye wapigaji wa hali ya juu vikiimba saa nzima huku nje kunatoka mlio wa redio mbovu, na watu wanaandika "hatusikii, hatusikii", na hakuna wa kuwasoma. Inauma kutazama.

Juu ya bando: picha ya kiwango cha kati hula takribani GB 1 na nusu kwa saa, na kinachohesabika ni kasi ya kupeleka, siyo ya kupokea. Pimeni saa ileile mtakayoimba, mahali palepale. Umeme wetu mnaujua. Simu ijae chaji na betri ya akiba iwepo.

Majukwaa sitayakalia sana, yanabadilika kila kukicha. YouTube hudai wafuasi wasiopungua 50 ndipo uende mubashara kwa simu, na mara ya kwanza kuifungua huduma hiyo inaweza kuchukua hadi saa 24, kwa hiyo anayeanza Jumamosi yenyewe amechelewa. TikTok kwa kawaida hutaka wafuasi 1,000 na umri wa miaka 18. Njia za kulipwa hazifunguliwi kwa nchi zote kwa pamoja. Ingieni kwenye akaunti yenu mwone mliyofunguliwa. Lakini hesabu ya makato ijueni kwa kichwa. Mtu akiwatumia fedha kwa ujumbe wa kulipia YouTube, asilimia 70 ni yenu na 30 ni yao. Zawadi za TikTok, karibu nusu inabaki kwa wenye jukwaa. Nyota za Facebook humlipa msanii senti 1 ya dola kwa kila nyota. Noti ya yule mama wa safu ya tatu haikukatwa hata shilingi.

Ndiyo maana nawasihi muwe na namba yenu ya kulipia, lipa namba au till, iliyosajiliwa kwa jina la kikundi. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na leo hata muuza urojo anapokea kwa simu. Walio nje nao wana njia za kutuma fedha moja kwa moja kwenye namba ya simu huku nyumbani. Someni masharti ya jukwaa kabla ya kuionyesha namba hiyo, kwani mengine hayapendi watu waelekezwe kulipa pembeni. Palipo na ruhusa, iandikeni kwa tarakimu kubwa kwenye ubao na kuutundika nyuma ya mpiga kinanda, na isomeke hata kwa bibi asiye na miwani. Mwaka mwingine jukwaa litabadilisha sheria au kufungiwa. Namba yenu itabaki.

Nimesema juu ya fedha. Sasa nataka kusema juu ya jina, kwa sababu kwenye jina ndipo mtashinda au kushindwa.

Mtu aliyeondoka kwao miaka kumi na tano iliyopita hanunui sauti tu. Anataka kuonwa. Anataka mtu wa kwao ajue kwamba yupo, hajafa, hajawasahau. Mwekeni kijana mmoja mwenye mwandiko mzuri karibu na jukwaa, simu mbele yake na karatasi nene mkononi. Kila anayeingia na kusalimia, aandike jina na mji: "Bi Mkubwa, Leicester." "Mjomba Saidi na watoto, Dubai." Mwisho wa ubeti, wakati fidla inajibu, aiweke karatasi mbele ya mwimbaji. Mwimbaji aisome kwa sauti ya mtu anayemwona mgeni mlangoni: Shikamoo Bi Mkubwa, Leicester hakujambo? Kisha arudi kwenye wimbo. Kumbukeni kwamba maneno yenu yanachelewa sekunde kadhaa kufika, na majibu yao yanachelewa kurudi, basi msiulize swali mkakaa kimya kungoja jibu; wapigaji watumbuize, litawakuta. Bi Mkubwa yule, akishaitwa jina lake mara moja mbele ya ukoo mzima, Jumamosi ijayo atakuwepo dakika kumi kabla yenu, na atawaleta dada zake wanne.

Waonyesheni na kazi yenyewe. Ala ya kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, na mpigaji huzitia sauti uzi kwa uzi, ufunguo mkononi, sikio limeinama, kabla ya mwingine kugusa chombo. Ninyi huona hilo ni jambo la kungoja liishe. Kwa aliye mbali ni hazina! Iwasheni simu dakika kumi kabla, mwacheni mzee atie sauti nyuzi zake huku akieleza anafuata maqam gani, yaani mpangilio gani wa sauti, nani alimfundisha, na wimbo mtakaoanza nao ulitungwa na nani. Kuna mtoto London mwenye babu wa Kizanzibari ambaye hajawahi kuona kanuni ikishikwa. Mnaweza kumpata mwanafunzi wa kulipia masomo kila wiki kutoka kwenye dakika hizo kumi, na ninyi mlizitupa miaka yote.

Na mtajeni mtunzi. Katika taarabu mwenye mashairi mara nyingi si mwenye sauti, na mara nyingi huyo ndiye wa kwanza kusahauliwa. Kila wimbo utangazwe kwa jina la aliyetunga maneno na jina la aliyetia muziki. Zisajilini nyimbo zenu COSOTA. Mlioko Unguja na Pemba, COSOZA. Mlioko Kenya, kwa vyombo vyenu vya haki za wanamuziki. Msipige mubashara rekodi ya mtu mwingine ili kujazia muda, mashine za YouTube huitambua na huweza kuyakatiza matangazo yenu au kumpelekea mapato mwenye rekodi. Mkiimba wimbo wa mwingine kwa sauti zenu, ombeni ruhusa, na mwiteni jina.

Hapa sina budi kukemea, na msinikasirikie.

Nawakemea wanaowasha simu ili kuomba. Nusu saa nzima mtu anasema gonga kioo, tuma waridi, wa simba yuko wapi, na gitaa limelala mapajani. Kutunzwa hakuombwi namna hiyo. Yule mama hakuinuka kwa kuitwa, aliinuliwa na mstari. Imbeni mpaka mtu ashindwe kukaa.

Nawakemea wanaogombana mubashara ili zawadi zimiminike, wanaowatukana waimbaji wenzao kwa majina, na kesho wanapatana kimya kimya baada ya kuvuna. Mipasho ya pwani ni sanaa ya mafumbo. Aliyekusudiwa hujijua mwenyewe, na jirani yake hubaki akikisia. Fumbo hilo ndilo lililowawezesha watu kuonyana usiku na kusalimiana asubuhi sokoni. Ukilitaja jina hewani umeiua sanaa, na tena umeingia kwenye mkono wa sheria: Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Kenya ina yake ya 2018. Anayetaka kukulipa ili umtaje adui yake, mrudishie fedha yake. Na mlioko Tanzania Bara, nendeni mapema mkaulize Baraza la Sanaa (BASATA) na mamlaka ya mawasiliano (TCRA) kazi yenu inahitaji vibali gani.

Na nawakemea, kwa uchungu zaidi, wanaorusha mubashara shughuli za watu. Sherehe ya wanawake, ukumbi ambao mwanamume haingii, bibi harusi na hina zake, mama zetu waliovua mabuibui kwa kuaminiana kwamba wako wao kwa wao, na mpiga kinanda anainua simu kwa ajili ya wafuasi! Haramu hiyo hailipiki kwa waridi wala simba. Shughuli ya watu ni ya watu. Mkitaka kuirusha, waombeni wenye harusi kabla, tena kwa maandishi, na kamera iwatazame wapigaji peke yao. Wakikataa, imekwisha. Ndiyo maana nimewaambia muwe na Jumamosi yenu, ukumbi wenu, ili msilazimike kuiba siri ya mtu.

Ndani ya kikundi pia kuna haki za kulindwa. Akaunti ni ya nani? Vikundi vingi vimemwachia mpwa wa kiongozi aifungue kwa namba yake ya simu. Akipata kazi Doha, au akigombana na mjomba, miaka mitano ya nyimbo inaondoka naye. Ifungueni kwa jina la kikundi, nywila waijue watu wawili, na namba iwe ya kikundi. Baada ya kila onyesho pakueni nakala, muandike tarehe, majina ya wapigaji wote na nyimbo zote, muiweke mahali pawili. Bi Kidude alifariki Aprili 2013, na kila dakika yake iliyohifadhiwa vizuri leo ina thamani kubwa. Wazee wangapi wanaketi nyuma ya jukwaa lenu sasa hivi wakiwa na nyimbo ambazo hazijarekodiwa popote?

Fedha zigawiwe hadharani. Jumapili asubuhi, wote waliopo, simu katikati ya mkeka: iliyoingia kwa lipa namba ni hii, iliyotoka YouTube ni hii, bando limekula hii. Mafungu myapange kabla hamjaanza kuimba, wakati hakuna fedha ya kugombania, na mtunzi awe na fungu, na kijana wa karatasi awe na fungu, na yule aliyekaa nje na visikilizi. Vikundi vya pwani havijavunjika kwa kukosa sauti nzuri. Vimevunjika kwa bahasha iliyofunguliwa chumbani na watu wawili.

Na wewe uliye ng'ambo, ambaye umefikishiwa maneno haya na ndugu yako, usidhani nimekusahau. Unalipia filamu kila mwezi, unalipia mpira, unalipia chumba cha mazoezi usichokwenda. Kisha unaandika "mashallah, mmenikumbusha nyumbani" chini ya wimbo, unausambaza kwa watu arobaini, na hutoi hata bei ya kikombe cha kahawa. Bibi yako hakukaa kimya wimbo ulipomgusa. Aliinuka, akatoa alichokuwa nacho, ukumbi mzima ukamwona. Inuka na wewe.

Ndugu zangu wanamuziki, Jumamosi hii haijapita. Onyesho la kwanza halitajaa. Tangazeni siku nne kabla kwenye makundi ya familia, maana ukoo wa mtu mmoja Unguja una matawi Maskati na London, nao hufika mbali kuliko tangazo lolote la kulipia, na mtumie kiungo kilekile tena saa moja kabla. Fungueni kwa wakati hata kama aliyekwishafika ni mmoja. Wakiwa 9, msiwaimbie kwa mkono wa kushoto mkingoja 900: valieni vizuri, tieni sauti nyuzi zote, pigeni nyimbo zenu bora, na watajeni wote 9 kwa majina na miji yao. Saa 11 zimeni, pakieni vyombo muende harusini. Jumamosi inayofuata, saa 10, muwepo.